Duara Tupu

Jua la Chiatura haliamki na watu.
Korongo ni refu, na hadi saa nne na nusu
mwanga bado uko juu, kule kwenye mashimo ya manganizi,
unashuka ukutani hatua kwa hatua
kama fundi mwenye goti bovu.
Sisi, darasa la saba, tunaungoja,
maana hadubini yetu haina taa.
Ina kioo tumboni, upana wa kifungo cha koti,
na ubavuni maandishi ya Kirusi
(Kirusi lugha, si kirusi cha mafua;
wewe unayesoma, usicheke mapema).

Ukifika, nageuza kioo.
"Zviadi, kitunguu."
Zviadi anabandua ngozi ya ndani, ile nyembamba
inayong'ang'ania kidole,
tone la iodini, kigae cha kioo juu yake,
halafu foleni.

Wa kwanza anaona kope zake mwenyewe,
anazichora zote kumi na moja, kwa kalamu kali.
Gocha anaona povu la hewa,
anatangaza amegundua sayari.
Tsiala haoni kitu. Ananyamaza, ananakili kwa Gocha.
Ndivyo ilivyo. Kuona hufundishwa kama kusoma,
na neno la kwanza daima ni upuuzi.
Geuza skrubu. Polepole. Usiibane roho yako nayo.
Mpaka mmoja aseme "Aa!"
kwa sauti ambayo hajawahi kunijibia nayo swali lolote:
ukuta, ukuta, ukuta,
matofali ya rangi ya chai,
na katika kila tofali kiini kimeketi pembeni
kama mpangaji asiyetaka kusumbuliwa.

Kisha shavu. Njiti safi, upande butu, kwangua.
Hapa hapana kuta. Vitu laini, vimekunjamana.
"Huyu ni mimi?"
Ulikuwa wewe, Gocha. Dakika moja iliyopita.

Pikria hakupanga foleni. Alikuja mwisho,
mfukoni kichupa kimefungwa leso.
Baridi iliyopita kidonda cha bibi yake kilikataa dawa,
kila kidonge kikapita kama mgeni asiyekaribishwa hata maji,
ndipo daktari wa Kutaisi akaleta kimiminika hiki:
virusi vinavyokula bakteria,
visivyomjua bibi wala kumtaka.
Kidonda kikafunga. Bibi siku hizi anamkimbiza jogoo.
"Limebaki tone," alisema. "Nataka kuviona. Nivishukuru."

Akainama. Alikaa hapo
hata jua likasogea, nikageuza kioo mara mbili.
"Maji tu, mwalimu."

Ningeweza kumdanganya. Vumbi halikosekani; angeamini.
Nikamwita dirishani.
Unaliona behewa lile linaloning'inia kwenye waya juu ya mto?
Liwe seli moja ya kitunguu cha Zviadi.
Basi kirusi ni punje ya ulezi
iliyodondoka sakafuni mwake,
na wewe umesimama huku ng'ambo.
Tena kosa si la jicho lako.
Mwanga wenyewe ni mnene mno kwa kazi hiyo:
jaribu kuokota punje ile
umevaa glavu za baba yako za mgodini.

Akafikiri. Baba yake kweli ana glavu hizo.
"Basi nichore nini?"
Ulichoona.

Akachora duara la lenzi, safi, tupu,
hata nukta hakuweka.
Chini yake, kwa mwandiko wa kulala:
*Bibi anatembea.*

Mwongozo wa kusahihisha unadai kichwa,
ukuzaji, mistari ya kuonyesha sehemu na majina yake.
Hakuna hata kimoja.
Saa nane jua lilishapanda ukuta wa pili na kwenda zake,
kalamu nyekundu i mkononi,
daftari la Pikria liko juu, nalihamishia chini,
linarudi juu.
Kope kumi na moja nimezipa saba.