Mtundu

Simu ilinikuta usingizini, saa nne na dakika arobaini.
Nilikuwa nimerudi alfajiri kutoka ghalani,
mabega bado yakihesabu maboksi.
"Ni kuhusu Makame," alisema yule wa ofisini,
kwa sauti ya mtu anayeshika sufuria ya moto kwa ncha za vidole.

Amepanda mezani. Amekataa kushuka.
Amemwambia Bi. Pritchard jibu la kitabu si sahihi,
na kitabu akakirusha dirishani,
na dirisha lilikuwa limefungwa.

Nikavaa suruali juu ya suruali ya kulalia.
Mvua ya Coventry hainyeshi, inakuganda.
Ndani ya basi nilipanga Kiingereza changu
kama apangavyo mtu vyombo kabla ya mgeni,
vile visivyovunjika mbele.

Ana miaka tisa. Anazijua namba tasa hadi elfu mbili,
huzitaja kitandani kama anayevuta uradi.
Kamba za viatu bado namfunga mimi.
Mwezi uliopita alimuuma Callum
kwa sababu Callum alimgusa sikio.

Wakanikalisha kwenye kiti cha mtoto,
magoti yakanifika kidevuni.
Wakanionyesha karatasi yenye nyuso:
ya kijani inacheka, ya njano imenyamaza,
nyekundu imekunja mdomo.
Jumatatu nyekundu, Jumanne nyekundu, Jumatano
nyekundu, na mtu kaikaza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Bi. Pritchard si mtu mbaya. Nataka hilo lijulikane.
Ana watoto thelathini na mmoja na kikombe cha chai
chenye utando juu, hajakigusa tangu asubuhi.
Akaniuliza, na aliuliza kwa wema,
"Kwenu mtoto kama huyu mnamwitaje?"

Nikasema: mtundu.
Akaandika. "Maana yake?"

Maana yake msumbufu, nikaanza. Halafu nikakwama.
Maana fundi aliyefufua redio ya mama
kwa waya wa kutundikia nguo, naye tulimwita mtundu.
Na shangazi aliyeshona gauni la harusi kwa pazia.
Neno ni hilo hilo. Hatukuona haja ya kulipasua.
Lakini Kiingereza changu ni cha ghalani:
beba, weka, haraka, samahani.
Nikasema samahani.

Mimi nilikuwa na mdomo kama wake.
Nilijibu kabla ya kuulizwa, nikachapwa.
Nikauliza baada ya kujibiwa, nikachapwa.
Darasa la sita nikanyamaza,
na mwisho wa mwaka wakanipa zawadi ya nidhamu,
daftari la kurasa tisini na sita.
Sikuandika kitu humo.

Njiani kurudi hakusema. Halafu kwa kidole
akachora kwenye kioo cha basi chenye ukungu:
ua wa mita mia, nguzo kila mita kumi.
"Kitabu kinasema nguzo kumi, Baba."
"Na wewe?"
Hakunijibu. Akafuta kwa mkono wa sweta.

Saa nane usiku, wakati wa mapumziko,
wenzangu wakila tambi za kikombe,
nilisimama kwenye ujia wa rafu nikahesabu.
Pengo moja, pengo mbili. Nikafika kumi
na mbele yangu bado kuna nguzo.
Nikarudi mwanzo, nikahesabu tena kwa kuzigusa,
chuma baridi, moja moja.
Kumi na moja.
Msimamizi akauliza natafuta nini.

Dirisha ni pauni mia na arobaini.
Na sikio la mtu si sababu ya kumuuma mtu.
Na nguzo ni kumi na moja.
Nitamwambia yote asubuhi, nikimfunga viatu,
kabla hajaanza kuuliza.
Sijui nianze na lipi.