Kiganja Kimoja

Zilikuja na Badi kutoka Maskati,
pakiti imebanwa sandukuni kati ya udi na soksi,
nayo imekunywa harufu ya vyote viwili.
"Pista hizo, mama mkubwa. Tafuna."
Mimi nikadhani ni ubuyu uliosahauliwa rangi.
Ganda limefunguka nusu,
kama mtu aliyetaka kusema neno
akakumbuka kuna mgeni.

Wiki ile nilikuwa nimetoka Bombo.
Nesi Mbelwa alinichoma kidole, akasoma kimashine,
akanitazama kama mwalimu
aliyemkamata mtoto ananakili.
"Bi Mwanakombo, unapika vitumbua?"
Napika.
"Unaonja?"
Nikamwambia, mpishi asiyeonja anauza bahati nasibu.
Hakucheka. Aliandika kwenye kadi:
chai bila sukari, wali kidogo, mboga nyingi, tembea.
Na njaa ya saa kumi, akasema,
hiyo itulize kwa karanga, korosho, chochote cha jamii hiyo
kisicho na chumvi. Kiganja kimoja.
"Kiganja cha nani?"
"Chako. Si cha mumeo."

Maana Kihiyo wangu alibeba marobota ya mkonge
bandarini miaka ishirini na mbili;
kiganja chake ni ungo.
Changu nimekipima: pista ishirini na saba.
Ya ishirini na nane huanguka.

Za Badi zilikuwa na chumvi. Nikaziosha,
nikazianika uani, nikakaa na fimbo
kuzilinda na kunguru wa Barabara ya Kumi na Tano
ambao hawamjui Mungu wala fimbo.
Walikula tatu. Nilihesabu.

Sasa sikiliza.
Kitumbua hakina mlango.
Unafungua kinywa useme bismillahi,
kumbe cha pili kimeshaingia.
Pista ina mlango.
Lazima ubishe hodi kwa ukucha,
uifungue, uitoe na kishati chake cha zambarau,
ndani kijani kama jani la mgomba lililochipua jana,
uitafune mpaka ilainike,
mpaka utamu uje polepole
kama mtoto aliyeitwa mara tatu.
Hodi ishirini na saba!
Ukimaliza, njaa imesahau ilikuja kwa nani.

Zile zilizofumba kabisa nampa Kihiyo na mchi wake.
Anazigonga, anaokota chembe sakafuni, hasemi kitu.
Juzi nilimkuta na pakiti, midomo inahesabu kimya.
Alifika ishirini na saba,
akafunga pakiti, akanitazama.

Pakiti ikaisha. Maganda nikayamwaga
kwenye kopo la mrehani.
Nikaenda mjini kuuliza bei;
nilipotajiwa, nikajifanya nimekosea duka.
Basi nikapitia Mgandini, nikachagua karanga
zenye maganda yake, udongo bado umeshika.
Muuzaji akasema, zilizomenywa hizi hapa, mama,
bei ile ile, ya nini kujisumbua?
Nikamwambia, mwanangu, mimi nanunua pamoja na mlango.

Kadi ya mwezi wa tatu inasema afadhali.
Si pista peke yake, nisiseme uongo:
nimetembea hadi Mikanjuni na viatu vya kuazima,
nimekunywa chai kavu,
siku nyingine nimenuna tu, nikalala.

Vitumbua bado napika. Alfajiri watu wanangoja.
Cha kwanza nampa mjukuu wangu, Riziki,
namtazama anavyotafuna.
"Vipi?"
Anajifuta mdomo kwa mkono wa sare.
"Sukari imezidi, bibi. Kila siku huwa imezidi."

Nikageuza kijiko, nikanyamaza.
Miaka yote hii
ulimi uliokuwa ukionja ni wangu.