Gundi Haikauki Valdivia

Mvua ya mji huu haina adabu.
Huingia bila hodi, hukaa wiki tatu, hula, hulala,
na gundi ambayo kopo linaapa itakauka kwa saa nne
kwangu hukauka siku ya tatu, ikipenda.
Wanafunzi hawataki kulisikia hilo.
Huja mbio, karatasi zimefichwa ndani ya koti
kama paka aliyeokotwa:
Bi Otilia, mwisho ni kesho saa tatu.
Kesho, nawajibu, iulizeni mvua.

Miaka thelathini na mmoja najalidi tasnifu
mkabala na lango la chuo kikuu.
Lango lenyewe nimelivuka mara mbili:
ya kwanza kudai deni, ya pili kumkimbiza mbwa wangu.
Lakini hakuna kitivo kisichopita mezani hapa,
kikabanwa kwa jiriwa, kikadungwa sindano mgongoni.

Jumatatu, Millaray Huenchumil. Kurasa mia mbili na kumi na tatu
juu ya chura asiyefika urefu wa kidole gumba,
ambaye dume lake huwalea watoto kooni
mpaka wapate miguu, kisha huachama,
nao hurukia nje.
Nilikuwa na uzi mdomoni. Nikameza mate polepole,
kwa heshima.

Halafu Baltazar Oñate, mhandisi mtarajiwa:
amejenga nyumba ya vijiti, akaitikisa juu ya meza
mara elfu moja na mia mbili, akiandika lini inapasuka.
Hesabu zake zimesongamana kama siafu.
Mama yangu angemweleza kwa sentensi moja,
maana alinitoa nje mbio, mimi mchanga wa siku arobaini,
na ardhi, alisema, ilikuwa shuka
linalokung'utwa na mtu mwenye hasira.
Sikumwambia kijana. Alikuwa na haraka,
na pengine vijiti vyake vimeshamwambia.

Uuguzi nao: maswali ishirini kwa wazee wanaosahau.
Swali la kumi na nne: Asubuhi ulikula nini?
Nikaweka sindano chini.
Mkate.
Nadhani mkate.

Yule wa muziki aliketi gatini juma zima
akiandika kwa nota ngurumo za simba wa baharini
wanaogombea vichwa vya samaki sokoni.
Ukurasa wa sitini una nota moja tu, ndefu,
na chini yake: amelala.

Na Nélida wa biolojia aliomba kukwangua ukuta wangu.
Sasa ukungu wangu una jina la Kilatini, maneno mawili,
na picha ya rangi katika Kiambatisho B.
Mimi, kwenye shukrani, ni "mwenye duka".

Zote nazilaza chini ya jiwe moja,
chura juu ya nyumba, nyumba juu ya mkate wa wazee,
na usiku, mvua ikipiga bati, zinanyonya gundi ileile.

Lakini iko moja. Ya Eleuterio Manquel, wa misitu.
Mbegu mia nne za mti wa mlimani unaotoweka.
Akaziloweka, akazigandisha, akazikwaruza kwa msasa,
akazifukia gizani, akaziweka nuruni,
miaka miwili na nusu.
Ukurasa wa tisini, jedwali la matokeo:
sifuri, sifuri, sifuri, safu baada ya safu,
kama mayai kwenye trei.

Aliomba jalada la bei ya chini.
Nikamtilia kitambaa chekundu, kile cha shahada za uzamivu,
na herufi za dhahabu, kwa bei ileile.
Akaligeuzageuza, akacheka kidogo,
akaniachia kibahasha: mbegu kumi na moja zilizosalia.

Kiko dirishani, kando ya kopo la gundi.
Unyevu upo. Udongo upo, chunguni,
pale lilipofia ua la mwaka jana.
Sijazipanda.
Naogopa kumharibia matokeo.