Kitanda cha Mfumi

Mama alikataa begi lake libebwe.
Kijana wa mapokezi, Oliwier, kipuli cha chuma sikioni,
alikuwa akitueleza habari za jengo:
matofali ni yale yale, nguzo ni zile zile,
katika Łódź nzima hakuna hoteli yenye dari ndefu kama hii.
Mama alimtazama midomo.
Ndivyo anavyosikiliza. Miaka ishirini na sita
ya mashine mia tatu zikipiga kwa pamoja
ilimwachia masikio ya kutundikia hereni.

"Nguzo ya saba kutoka dirishani," akaniambia,
kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara.
Wageni wawili wenye mvinyo wakageuka.

Tulipanda lifti. Enzi zake ilipandisha marobota tu,
watu walikuwa na ngazi.
Juu, kwenye zulia zito, akahesabu kwa ncha ya mwavuli:
ya kwanza, ya pili,
ya tatu imemezwa na ukuta wa chumba cha mtu,
ya nne imevikwa kioo,
hadi akasimama mbele ya 317.
Chetu kilikuwa 309.
Oliwier, Mungu amzidishie, alibadilisha ufunguo bila kuuliza.

Ndani, nguzo ya saba, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha harusi,
na chini yake, pale pale, kitanda.
Kitanda kimebaki. Kilichoondolewa ni mfumi.
Mito sita, na shuka la pamba
ambalo, kwa mujibu wa lebo, lilifumwa mbali sana na hapa.
Mama akalifinya kwa vidole viwili, akalisogeza kwenye taa,
akahesabu mtande, akahesabu mshindio, akaguna.
"Limelegea. Wawrzyniak angenikata ujira."

Hapa Czesława aliacha kidole, mwezi wa Februari.
Hapa walimlaza msichana wa mstari wa pili
aliyezimia kwa joto, wakampepea kwa kadi ya zamu,
na mashine haikuzimwa.
Hapa mimi, na hili sikuwahi kuambiwa,
nilianza kupiga teke tumboni.
"Ulifuata mdundo," alisema. "Kazi mbili, mshahara mmoja."

Ukutani picha kubwa: wanawake kumi na wanne,
vitambaa vichwani, jina hata moja hakuna.
Mama akavaa miwani.
Huyu Genowefa. Huyu aliolewa na dereva wa tramu.
Huyu simjui.
Huyu ana deni langu.

Bei nilimficha. Akaisoma kwenye karatasi nyuma ya mlango:
siku tisa za pensheni.
Hakusema neno. Alifungua bomba la maji moto,
akaliacha limwagike muda mrefu, akilitazama.

Saa nane za usiku niliamka.
Alikuwa ameketi gizani na gauni lake la kulalia,
kiganja juu ya nguzo,
kama daktari, au kama mwizi anayepima ukuta.
"Haitetemeki," alisema.
Nikamwambia alale.
"Nilidhani ingalau kidogo."
Mvua ya Novemba ilikuwa ikipiga madirisha yale makubwa.
Mimi niliisikia.

Mgeni hupewa jembe siku ya tatu;
mama hakungoja hata chai.
Mfagiaji alipobisha, kitanda kilikuwa kimetandikwa,
pembe zimekunjwa kama bahasha.
Lesia, jina kifuani, mtu wa Poltava,
Kipolandi chake cha miezi minne.
Alicheka, akalivuta shuka lote chini:
lazima libadilishwe, ndiyo kanuni.
Mama akamsoma midomo, akakosa, akajaribu mikono,
ile lugha ya vidole waliyosemeshana juu ya kelele:
zamu yako inaisha saa ngapi?
Lesia akatua ndoo.
Akainua vidole vitatu, akafikiri,
akaongeza cha nne.

Mama akashika ncha ya pili ya shuka.