Santuri za Isevya

Unaniuliza, Nyamizi, zipi uzitie kwenye simu yako.
Zipi, sijui. Najua hizi.

Hii ina mkwaruzo. Sindano ikifika *nilikungoja ste—*
inaruka mpaka kwenye tarumbeta.
Miaka kumi na tisa nimeucheza ule mruko,
kiuno kikijua pa kukatika.
Juzi nikaisikia nzima kwa kinyozi wa Kiloleni:
kumbe alimngoja stesheni. Basi, ni hilo tu.
Nikaona wameiharibu.

Hii ya Kasanda. Niliiazima kwa wiki moja.
Tukagombana kwa jambo jingine, la mbuzi,
na wiki haijaisha.

Kaseti hiyo usiianike juani;
utepe umeungwa kwa rangi ya kucha,
na gitaa likianza kulia utamsikia babu yako
akiuliza nani kamaliza asali.
Hajajibiwa mpaka leo.
Nilikuwa mimi.

Na hili jalada tupu.
Santuri yake ilipanda treni ya Mpanda
na mtu nisiyemtaja mama yako akiwepo.
Lichukue pia.

Hapana, si hivyo.
Lishike kwa kingo, mwanangu.
Ndiyo, hata likiwa tupu.