Chini ya Marekani

Kichwa kimeletwa peke yake,
kimeviringishwa kwenye taulo la jikoni.
Kiwiliwili kimo ndani ya mfuko wa mkate,
kilegevu, kimekunjika kama soksi.
"Mfanye awe mpya," kasema Bibi Irmhild,
akaacha namba ya simu na harufu ya kafuri,
akawahi basi la saa tano
linalorudi Neustadt: kilomita nne,
dakika kumi na mbili pamoja na vituo.

Naanza na kichwa. Kaure haina haraka.
Namfuta kwa maji ya uvuguvugu,
pamba nimeisokota kwenye njiti;
masizi yanatoka mashavuni
na chini yake wekundu uko pale pale,
kama wa mtu aliyetaniwa asubuhi hii.
Ufa umetoka sikioni ukapanda hadi juu ya nyusi.
Wanaosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakuishi hapa Sonneberg.
Kwetu ulitangulia uzio,
nyufa zikaja baadaye: mezani, vitandani,
kwenye barua zilizofunguliwa na wasiohusika.

Gundi inakauka. Nageukia mwili.
Nafumua mgongo, na pumba za mbao
zinamwagika mezani, kahawia, kavu,
eti bado zinanuka msonobari.
Kitani cha kwanza kina mishono midogo,
sawasawa kama meno ya kitana:
mwanamke aliyelipwa kwa dazeni,
taa moja, subana kidoleni, watoto wakijaza pumba.
Lakini tumboni kuna kiraka.
Bluu, ya aproni ya kiwandani.
Uzi wa kushonea viatu. Mishono mirefu, ya pupa.
Huu ni mkono wa mtoto:
umechoma, umevuta,
umefunga mafundo saba palipotosha moja.

Nampigia simu.
Kwanza kimya, na saa ya ukutani nyuma yake.
Kisha: "Huyo ni Traudl."

Binamu. Walikuwa na mwanasesere mmoja,
wakimlaza kwa zamu, wiki kwa wiki.
Usiku ule wa Juni baba alipofunga mkokoteni
ilikuwa wiki ya Traudl.
"Zamu yangu ingeanza Jumapili," anasema.
Jumapili ikachukua miaka thelathini na saba.
"Mimi chini ya Wamarekani, yeye chini ya Warusi,
na huyo chini ya blanketi lake."
Traudl hakuifikia Jumapili.
Mfuko wa mkate uliletwa na mwanawe,
kijana mzito wa kusema, hakuvua hata kofia.

"Kiraka nikitoe?"
"Nilisema mpya," akajibu, akakata.

Mteja ni mteja.
Nilikata marekani, yadi isiyotimia,
nikaichovya kwenye chai ya rangi
isije ikang'aa kama shuka la hospitali.
Pumba nilizipepeta, nikatoa kinyesi cha panya
na pini moja yenye kutu.
Halafu sikufanya nilichoambiwa.
Mwili wa zamani nikaurudisha mzima,
aproni, mafundo na yote,
nikauvalisha mwili mpya juu yake
nikashona kingo kwa nta na subira,
mshono usiotaka kuonekana.
Mabegani nikafunga kichwa.

Alikuja Jumanne, mvua imemloweza mabega.
Hakutazama uso nilioukesha.
Alimbonyeza tumbo kwa kidole gumba
kama mtu anayejaribu mkate kama umeiva.
Kidole kikasimama.
Kikasogea kidogo, kikasimama tena.
Sijui kama alikuwa anahesabu.

"Amenona," alisema.

Akalipa noti kwa noti, akadai risiti,
akamtia mkobani kichwa kikiwa nje,
akakimbilia basi kwa miguu yake mibovu.

Mezani zikabaki pumba, ujazo wa kiganja,
zilizokuwa zake tangu mwanzo
na sasa hazikupata nafasi.
Sijazitupa. Sijui pa kuziweka.