Ndani Nje

Mama huuza mitumba soko la Malindi.
Akifungua robota hatazami rangi.
Hugeuza suruali ndani nje, huvuta pindo,
hunusa kwapa la shati, hupandisha zipu na kuishusha
mara tatu, sikio likiwa kwenye meno yake.
“Uzuri wa nje,” husema, “ni wa aliyeuza.”

Leo nimeketi hotelini, katika ukumbi wa baridi ya kukodi,
mimi, sajini wa rada kutoka kilima cha Mambrui,
nimeitwa kwa dakika tano, mwisho wa ajenda,
baada ya chai.
Mezani pana kindege cha plastiki juu ya kigingi cha shaba.
Kila mjumbe akipita hukigusa pua
kama agusaye kichwa cha mtoto wa tajiri.

Muuzaji ana sauti ya mafuta ya nazi.
Ndege kumi na mbili, asema, zimetumika kidogo,
zimetunzwa, rangi mpya, mkopo wa miaka ishirini.
Pichani zapanda wima, moto mkiani,
na Kanali Shebwana ameacha kutafuna korosho.

Mimi nawaza kiwambo changu.
Usiku wa kuamkia Jumatatu antena ilikwama tena,
ikakodolea Takaungu, ikakataa kurudi kaskazini.
Tukapanda, mimi na Koplo Kazungu, na kopo la grisi ya trekta,
tukaisukuma kwa mabega kama mkokoteni wa maji.
Dakika arobaini na moja
anga letu lilikuwa chumba kisicho mlango.
Nani alipita?
Sijui.
Hilo ndilo neno ninalolipwa nisiliseme.

Zamu yangu ikafika. Sikuwa na picha.
Niliomba daftari la ndege ya nne
nikalisoma anavyosoma Mama nguo: kutoka nyuma.
Saa za kuruka, elfu tano na mia sita.
Ufa kwenye shina la bawa, umezibwa, umezibwa tena.
Rada ya puani ni ya zamani; ikitazama juu inaona,
ikiinama huona kelele tupu:
wimbi, paa la bati, lori la chumvi la Gongoni,
vyote adui.
Vipuri vyatoka kiwanda kilichofungwa.
Saa moja hewani, mshahara wangu wa miaka miwili.

“Sajini,” Kanali akasema, “unataka tusiruke?”

Afande, nataka tujue tunarukia nini.
Rada mbili mpya, moja hapa, moja Kiunga,
za kugeuza macho bila kugeuza shingo.
Ndege nne, si kumi na mbili,
zinazosikia kile rada inachoona.
Ukimpa kipofu mbio
umemsogezea ukuta.

Mtu alikoroga sukari ambayo ilishayeyuka.
Muuzaji akatabasamu, akaandika jina langu,
akauliza: “Kadzo, ni dz, au z peke yake?”
Kamati itakaa, wakasema.
Walitugawia mifuko: kofia, kalamu,
na kindege kidogo, ndugu wa yule wa mezani.

Nikampitishia Mama.
Hakuuliza bei. Alikigeuza tumbo juu,
akabonyeza bawa kwa dole gumba, likambakia mkononi.
“Gundi,” akasema,
akaendelea kupanga soksi.

Sasa ni saa nane za usiku, kilimani.
Kazungu amelala kwenye kiti, viatu ameshavua.
Kaskazini mashariki, punje ya mtama imetokea,
chini, haina namba, haijibu.
Huenda ni korongo wanaohama. Huenda ni mvua.
Nasikia shingo ya antena ikianza kukwaruza.
Nimeandika saa, nimeandika upande.
Penye jina nimeacha wazi,
nimeshika kopo la grisi
na kutoka nje.